Vyama vyote ni vya kijani, bili ni ya nani?

Hotuba mbele ya wakaazi, ukumbi wa Tononoka, Mombasa

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, vijana wa maskani mlioacha kahawa na drafti mkaja kuniskiza, ahsanteni.

Mwenyekiti amenipa mada ndefu kama treni ya mizigo: maoni ya umma na siasa za vyama katika sera za tabianchi na nishati safi. Naona baadhi yenu mlitarajia habari za kupanda miti. Miti nitaigusa kidogo tu. Kwanza nina swali. Nitajieni chama kimoja hapa Kenya kinachopinga nishati safi.

(Kimya. Sauti kutoka nyuma: "Hakuna!")

Kijana kasema kweli. Hakuna. Wageni wakija hutusifu kwa hilo, wanasema Wakenya wana bahati, hawagombani juu ya tabianchi. Mimi nimekuja kuwaambia kwamba ukimya huo twaulipia, tena kila mwezi.

Kumbukeni kampeni za 2022. Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, walisema kijani. Azimio, muungano wa Raila, walisema kijani. Hata Profesa Wajackoyah, pamoja na bangi yake na nyoka wake, hakusimama jukwaani kuwatetea wenye makaa ya mawe. Mpiga kura wa Likoni au Kisauni aliyetaka kuchagua kwa msingi wa umeme na mazingira angeshika karatasi ya kura asione tofauti.

Kwa wenzetu hali si hiyo. Marekani, sheria yao kubwa ya tabianchi ilipita Agosti 2022 bila kura hata moja ya Republican. Zamu ya Republican ilipofika, Julai 2025, wakapitisha yao iliyokata sehemu kubwa ya nafuu za kodi kwa jua, upepo na magari ya umeme. Uingereza, Julai 2023, Conservative walinusurika katika kiti cha Uxbridge kwa kura 495, baada ya kampeni nzima kugeuzwa kuwa ugomvi wa tozo ya magari yanayotoa moshi mwingi jijini London. Miezi miwili baadaye Waziri Mkuu Rishi Sunak akasogeza marufuku ya kuuza magari mapya ya petroli kutoka 2030 hadi 2035. Labour waliposhika serikali wakairudisha 2030. Na Ufaransa mwajua, mwisho wa 2018 watu wa vizibao vya njano walifunga barabara mpaka nyongeza ya kodi ya mafuta iliyopangwa ikafutwa.

Siwatamanii ugomvi wao. Lakini mpiga kura wa Uxbridge alijua alama yake inanunua nini. Sisi kura zetu hufuata mambo mengine, mnayajua, sitayataja mbele ya wageni. Na vyama vikishavaa rangi moja, ubishi hauishi. Unahama. Unaingia kwenye bei, na huko haubebi tena jina la tabianchi.

Chukueni mtungi wa gesi. Mwaka 2016, chini ya Jubilee, serikali ya Uhuru Kenyatta, VAT ya gesi ya kupikia iliondolewa, watu wakahimizwa waache kuni na makaa. Julai 2021, Jubilee hiyo hiyo, kodi ikarudi yote, asilimia 16. Mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi, ikashuka hadi 8. Mwaka 2023 Kenya Kwanza wakaifuta. Miaka saba, mabadiliko manne, na katika muda wote huo sikumbuki mkutano hata mmoja wa hadhara ambapo mwanasiasa alisimama akasema: chama chetu kinaamini hivi kuhusu jiko la mama, na tukishindwa, wapinzani wetu watafanya vile.

Tena hili jambo si dogo. Sensa ya 2019 ilikuta asilimia 55.1 ya kaya zetu zinapikia kuni, 23.9 gesi, na 11.6 makaa. Mama wa Mishomoroni aliyeihifadhi seredani chini ya kitanda hakuihifadhi kwa mapenzi ya kizamani. Anajua gesi itapanda tena. Kila kodi ikirudi yeye anarudi kwa muuza makaa, na gunia hilo limetoka kwenye msitu wa mtu mwingine, Kwale au Kilifi au Tana River. Hayo nayo ni maoni ya umma. Hakuna aliyekwenda kumhoji, lakini katoa maoni yake kwa kununua mkebe wa makaa.

Sasa niwape miezi mitatu tu ya 2023, kisha mniambie sera yetu ni ipi. Tarehe 2 Julai, kanisani Molo, Rais Ruto anatangaza kuondolewa kwa marufuku ya kukata miti iliyokuwapo tangu 2018, na huyu ndiye rais aliyeahidi miti bilioni 15 ifikapo 2032. (Hapo ndipo nilipoahidi kuigusa miti. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ililisimamisha tangazo hilo.) Mwezi huo huo Sheria ya Fedha inaongeza VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Tarehe 25 Agosti stima inapotea karibu nchi nzima, mpaka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta unakaa gizani. Tarehe 4 Septemba viongozi wa Afrika wanakusanyika katika ukumbi wa KICC, Nairobi, kwa kongamano la tabianchi, rais anafika akiendesha mwenyewe kigari cha umeme, linatolewa tamko liitwalo Azimio la Nairobi, ulimwengu unapiga makofi. Siku kumi baada ya kufunguliwa kongamano, bei ya petroli inavuka shilingi 200 kwa lita kwa mara ya kwanza.

Mwenye tuktuk wa hapa Tononoka aliyatazama makofi yale kwenye simu yake huku akihesabu chenji. Ukimuuliza leo maoni yake kuhusu nishati ya kijani, usishangae akikutazama tu.

Halafu ikaja 2024. Katika Mswada wa Fedha kulikuwa na kitu kinaitwa ushuru wa mazingira, juu ya bidhaa ambazo takataka zake ni mzigo: vifaa vya elektroniki, betri, matairi, plastiki, nepi za watoto. Wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi, anayeleta taka asaidie kuzizoa. Ila lilikuja limebebwa pamoja na kodi ya mkate na kodi ya magari, na kina mama wakaanza kuuliza kuhusu sodo, serikali ikajitetea kwamba ni kwa bidhaa zinazotoka nje pekee. Hakuna aliyekuwa na hamu ya ufafanuzi. Tarehe 25 Juni vijana waliingia barabarani, hapa Mombasa pia, watu wakapoteza maisha nchini, na kesho yake rais akakataa kuutia saini mswada. Hasara moja ambayo haikuhesabiwa na mtu ni hii: kizazi kizima kilisikia neno mazingira kwa mara ya kwanza katika siasa zao likiwa jina la kodi.

Na msije mkaambiwa Mkenya hapendi mazingira. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Hebu kumbukeni wiki ile. Tulikuwa tumetoka kupiga kura tarehe 8, nchi imegawanyika katikati, na tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais. Katikati ya joto hilo watu wa Jubilee na wa NASA, upinzani wa wakati ule, walibeba nyanya zao mikononi wakaenda nyumbani. Faini ilikuwa kali, hadi shilingi milioni 4, ndiyo, lakini faini pekee haitoshi kueleza. Watu walikuwa wamechoka na mitaro iliyoziba, na kikapu cha ukili mama zetu walikuwa nacho tangu zamani. Sheria ilimpata tajiri na maskini sawasawa. Hapo watu hawakuhitaji chama cha kuwaambia la kufikiri.

Tuje kwenye stima yenyewe. Takriban asilimia 90 ya umeme unaozalishwa Kenya hautokani na mafuta. Ni mvuke wa Olkaria, ni mabwawa ya Mto Tana, ni upepo wa Turkana wenye megawati 310, ni jua la Garissa. Nchi nyingi tajiri haziwezi kusema hivyo. Sasa kwa nini tokeni ya mia tano inaisha kabla ya wiki?

Sababu ni nyingi, nitachukua mbili zinazohusu siasa. Ya kwanza ni mikataba. Mtambo ukijengwa na mwekezaji, mara nyingi twakubali kumlipa kwa uwezo wa mtambo wake, tuutumie au tusiutumie, tena kwa dola. Mitambo ya upepo ya Turkana ilikuwa tayari kabla laini ya kuusafirisha umeme kutoka Loiyangalani kwenda Suswa haijakamilika. Upepo ulivuma, mapanga yalisimama, fidia ikadaiwa, na fidia ya namna hiyo hutafuta njia yake hadi kwenye bili. Na ardhi ambayo mitambo imesimama? Oktoba 2021 mahakama ya Meru ilisema hati zake zilitolewa kinyume cha sheria, kwa sababu utaratibu wa kutoa ardhi ya jamii haukufuatwa. Upepo ni safi. Karatasi zilikuwa chafu.

Januari 2022 serikali ya Uhuru Kenyatta ilipunguza bei ya stima kwa asilimia 15. Uchaguzi ulikuwa Agosti, mtasema mimi nina ubaya. Januari 2023 punguzo likaondolewa, serikali nyingine ikiwa madarakani, na Aprili zikaja bei mpya.

Sababu ya pili iko hapa kwetu, mkipanda daraja la Makupa mwaiona. Kipevu. Na kule mbele Rabai. Mitambo ya mafuta mazito, ambayo Pwani imeitegemea miaka mingi saa za jioni, watu wakiwasha taa na feni. Kwenye risiti ya tokeni kuna mstari wa gharama ya mafuta. Usomeni. Olkaria ipo Naivasha, moshi upo Changamwe. Mwanasiasa wa Pwani anayesema "nishati ya kijani" bila kutaja Kipevu anasoma hotuba iliyoandikwa Nairobi.

Na upinzani? Agosti 2024 Opiyo Wandayi, aliyekuwa kiongozi wa wachache bungeni, ndiye aliyekabidhiwa Wizara ya Nishati. Hassan Joho, gavana wetu wa zamani, akapewa Madini na Uchumi wa Bahari. Sisemi ni watu wabaya. Nasema aliyekuwa akiuliza maswali kwa niaba yetu sasa ndiye anayetakiwa kuyajibu, na kiti cha kuuliza kikabaki na vumbi.

Tazameni mambo ya Adani, kampuni ya India. Oktoba 2024 ulitiwa saini mkataba wa laini za umeme wa dola milioni 736 kwa miaka 30. Watu walipiga kelele, mawakili wakaenda kortini, Mahakama Kuu ikausimamisha, serikali ikaendelea kuutetea. Tarehe 21 Novemba rais akaufuta mbele ya Bunge, bunge zima likashangilia. Kilichobadilika ni nini? Siku moja kabla, waendesha mashtaka wa Marekani walikuwa wametangaza kesi dhidi ya mwenye kampuni. Jamani, kelele zetu za miezi kadhaa hazikutosha, karatasi moja ya New York ilitosha.

(Kicheko.)

Msicheke sana, kwa sababu Pwani tuna mfano wa kinyume, na huu ndio nilitaka kuuelezea kwa utulivu.

Mwaka 2013 Jubilee walipoingia walitangaza kuongeza megawati 5,000 kwa miezi 40. Ndani yake kulikuwa na mtambo wa gesi wa Dongo Kundu, hapa ng'ambo, na mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi, Lamu, megawati 1,050. Makaa yenyewe yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Lamu, mji ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001! Wachambuzi walikokotoa kwamba tungelipa dola milioni 360 hivi kila mwaka kwa miaka 25, hata mtambo usipowasha balbu moja.

Leseni ya mazingira ilitoka 2016. Wavuvi, walimu, mashekhe, kina mama wa Lamu hawakungoja chama. Wangengojea chama wangekuwa wanangoja hadi leo, maana ulikuwa mradi wa serikali na ahadi za ajira zilikuwa tamu. Walikwenda kwenye Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira. Hoja iliyowapa ushindi haikuwa barafu ya ncha ya dunia. Walisema: hamkutuuliza. Ripoti ilikuwa nene, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na Katiba yasema lazima washirikishwe. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Benki ya Maendeleo ya Afrika ikajitoa mwaka huo huo, benki ya Kichina ikafuata mwaka uliofuata. Kampuni ilikata rufaa, na Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ikaitupa.

Halafu Uyombo, Kilifi, jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke na bahari ya Watamu. Hapo mradi ulikuwa wa nyuklia, na nyuklia haitoi moshi, kwa hiyo kwa hesabu ya hewa ilikuwa "safi". Wakaazi walisimama, Mei 2024 polisi wakawapiga, nao wakasimama tena. Sasa mazungumzo ya nyuklia yamehamia Siaya. Nawaombea ndugu zetu wa Siaya waulizwe mapema kuliko sisi.

Na mkidhani ukishasema "kijani" madhara yamekwisha, nendeni Owino Uhuru, si mbali, ni Jomvu. Kiwanda kiliyeyusha betri chakavu za magari kupata risasi, yaani madini ya lead, si risasi za bunduki, kikafungwa 2014, watoto wakiwa tayari wameumia. Phyllis Omido aliipigania kesi hiyo, akapata tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 korti ya hapa Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, wakapelekwa rufaa wakarudishwa nyuma, hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilipowarudishia. Nyumba nyingi zenye sola leo zahifadhi umeme katika betri za aina ile ile ya risasi. Zikichoka zitakwenda wapi, na mtaa wa nani utazipokea? Mtaa wa matajiri hautazipokea, hilo nawaahidi.

Kuna mazuri pia, nisije nikaonekana mtu wa kununa. Gazi, Kwale, tangu 2013 wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanalinda mikoko, wanauza kaboni, yaani wanalipwa kwa hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko hiyo, pesa zinaleta maji na kusaidia shule. Sheria ya Tabianchi iliyorekebishwa 2023 inataka mradi wa kaboni wa ardhini uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato. Asilimia 40 ya nini, imehesabiwa na nani? Ndiyo maswali.

2027 inakuja, watakuja na fulana na shangwe. Diwani, mbunge, gavana, yeyote. Msimuulize kama anapenda mazingira, atasema ndiyo, hata mwenye kiwanda cha makaa atasema ndiyo. Mwulizeni Kipevu itazimwa mwaka gani na umeme wa kuiziba utatoka wapi. Mwulizeni kama atapiga kura kurudisha VAT ya gesi, ndiyo au la, na mrekodi kwa simu. Mwulizeni kamati ya tabianchi ya wadi yenu inakutana lini na mwenyekiti wake ni nani, maana kamati hizo zipo kwenye karatasi na pesa zake zinapita. Na mswada wa fedha ukitangazwa, kuna siku za kutoa maoni kabla bunge halijaketi. Barua ya ukurasa mmoja yatosha, kwa Kiswahili, si lazima uwe wakili. Watu wa Lamu walianzia hapo hapo, kwenye karatasi na saini.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na adhana iko karibu. Naona mzee wa Likoni ameinua mkono tangu nilipotaja Dongo Kundu. Mpeni maikrofoni. Karibu mzee wangu, na kama ni kunipinga nipinge.